Umeumia Dukani kwa Mtu: Udai au Uache?

Leo siongelei jinsi ya kupiga picha za bidhaa wala jinsi ya kupata wateja. Leo naongelea mkono wangu wa kushoto.

Wanaonijua wanajua nina kaduka ka vyombo hapa Ndungu, na zaidi ya nusu ya mauzo yangu yanatoka kwenye stetasi ya WhatsApp na Instagram. Wateja wangu wako Maore, Kihurio, mpaka Dar. Mzigo nachukua Same mjini kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla. Simtaji jina na naomba msiniulize inboksi.

Mwaka jana wakati wa masika niliingia pale kuchukua oda 13 za hotpoti na chupa za chai. Kama kawaida yetu, nikatoa simu nikaanza kurekodi video ya mzigo mpya niwarushie wateja. Pembeni yangu kulikuwa na maboksi yamepangwa saba kwenda juu, juu ya benchi lililolala upande mmoja. Sijui niliyagusa au yalijiangukia tu. Nilichosikia ni kishindo, halafu nikajikuta chini, boksi mbili juu ya mkono. Hospitali wakapiga picha ya eksirei, mfupa wa karibu na kiganja umevunjika. Nikafungwa POP, lile hogo, wiki sita.

Sasa jiulize. Wewe unafunga mizigo ya wateja kwa mikono yako, halafu mkono mmoja haufanyi kazi wiki sita. Na aliyekuumiza ndiye anayekupa mzigo kwa mali kauli. Siku hiyo hiyo nilikuwa nadaiwa naye 210,000. Nikimdai ataninyima mzigo. Nisipomdai, hasara yote ni yangu.

Watu hututania sisi Wapare kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Nilicheka utani huu tangu niko mtoto. Ile wiki ya kwanza na hogo mkononi haukunichekesha hata kidogo, maana kila aliyekuja kunipa pole alikuja na ushauri wake. Mmoja anasema "mburuze mahakamani huyo, ana pesa." Mwingine anasema "mwachie Mungu, usiharibu riziki." Wote wananipenda, na hakuna hata mmoja aliyepiga hesabu.

Nilichojifunza ni hiki: siku ya ajali sio siku ya kuamua. Ni siku ya kukusanya. Ukikusanya vizuri, unaweza kuamua baadaye kwa utulivu. Usipokusanya, umeshaamua kuacha bila kujua. Nawapa hatua nilizopita, na pale nilipokosea nitasema.

1. KUSANYA MAPEMA

Vitu vya kuwa navyo ni hivi:

- Picha za mahali pale kabla hapajasafishwa. Mimi sikuweza kupiga, lakini ile video yangu ilikuwa bado inarekodi. Sekunde 14. Inaonyesha maboksi na benchi lilivyolala. Mwishoni inasikika sauti ya kijana wa dukani: "Si nilisema tangu asubuhi haya yatadondoka."
- Majina na namba za waliokuwepo. Hapa nilikosea. Kulikuwa na mama mmoja mteja aliona kila kitu, sikuchukua namba yake, na sijamwona tena.
- Kitu kinachoonyesha ulikuwa dukani siku hiyo, kama risiti ya EFD au meseji ya malipo ya lipa namba. Usiifute.
- Karatasi za hospitali zote, mpaka risiti ya dawa za maumivu. Jeraha la ajali hospitali wanaweza kukuomba PF3, ile fomu ya polisi. Ipate mapema na ubaki na kopi.
- Daftari. Kila siku andika mstari mmoja: leo nimelipa boda kiasi gani, leo oda ipi imefutwa. Baada ya mwezi hutakumbuka.

Video ibaki kwenye simu kama ilivyo, usiikate wala usiiwekee muziki. Nchi yetu inakubali ushahidi wa kielektroniki, upo kwenye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini lazima uweze kueleza imetoka wapi na kwamba haijachezewa. Irushe na kwenye barua pepe yako, simu ikiibiwa usibaki mikono mitupu.

2. USISAINI, USIPOSTI

Jioni ile mwenye duka alinipigia simu. Akanipa pole, akasema atanitumia 30,000 ya dawa, ila nikipita nisaini karatasi kwamba tumemalizana. Nilimshukuru kwa pole. Nikamwambia, "Baba, dawa bado naendelea nazo, tusubiri daktari amalize." Sikugomba naye. Ila sikusaini.

Sababu ni kwamba karatasi ya "tumemalizana" ina nguvu. Ukishasaini, mfupa ukiunga vibaya na ukahitaji kurudi hospitali, hiyo imekula kwako. Usisaini mwisho wa madai kabla daktari hajakwambia mwisho wa matibabu.

Jaribu la pili lilikuwa letu sisi wa mtandaoni. Video ninayo, wafuasi ninao, hasira ninayo. Nilishaandika na maneno ya kuweka juu yake. Mama akaniuliza swali moja tu: "Ukishaiweka, unaweza kuitoa?" Nikaifuta ile posti kabla haijaenda.

Na nilipotulia nikaona mengine. Ukiweka neno moja lisilo la kweli juu ya duka la mtu, wewe ndiye unageuka mshtakiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa habari za uongo, na mtu anaweza kukudai kwa kumchafulia jina. Na yule kijana aliyeropoka kwenye video? Yeye ndiye aliyeniinua pale chini, akanisindikiza mpaka kwenye boda. Ningeirusha, kesho yake hana kazi.

3. JIULIZE KAMA KUNA KOSA, AU NI BAHATI MBAYA TU

Sio kila anayeumia dukani kwa mtu ana madai. Kisheria hili linaitwa uzembe, na anayedai lazima aonyeshe mambo matatu. Kwanza, yule mtu alikuwa na wajibu wa kuwa makini kwako. Pili, hakuwa makini kama mtu wa kawaida mwenye busara angekuwa. Tatu, madhara uliyopata yametokana na hilo, sio na kitu kingine.

Kuna kesi moja wanasheria wote wanaijua. Agosti 1928, mama mmoja wa Scotland anaitwa May Donoghue aliingia mgahawani mjini Paisley na rafiki yake. Rafiki akamnunulia soda ya tangawizi, chupa yenyewe haionyeshi ndani. Mama akanywa. Soda iliyobaki ilipomiminwa, akasema katoka konokono aliyeoza. Akaugua. Soda hakununua yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu. Akamdai mtengenezaji, David Stevenson. Mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ikasema mtengenezaji ana wajibu hata kwa mnywaji asiyemjua. Jaji mmojawapo, Lord Atkin, alieleza kwamba mbele ya sheria jirani yako ni yule ambaye ulipaswa kumfikiria unapofanya jambo lako, kwa sababu linaweza kumgusa moja kwa moja.

Sheria yetu ya uzembe ina mizizi kwenye sheria hiyo ya Kiingereza. Mwenye duka anapopanga maboksi saba juu ya benchi bovu, mteja atakayesimama chini ndiye jirani yake. Na kijana wake alishamwambia asubuhi. Hapo nikaona kosa lipo.

Ila na mimi nilijipima. Nilikuwa naangalia simu, siangalii ninaposimama. Mahakama inaweza kusema na wewe umechangia, ikapunguza fidia. Kama unajua kuna sehemu ulikosea, iweke kwenye hesabu yako mwenyewe kabla mwenzako hajakuwekea.

Na kuhusu yule mama wa konokono: kesi ile maarufu haikufika hata kuthibitisha kama konokono alikuwepo. Stevenson alifariki, na madai yakaisha kwa makubaliano. Miaka yote ile ya mahakama, mwisho wakakaa mezani.

4. PIGA HESABU MBILI

Hesabu ya kwanza ni ya hasara. Yangu ilikuwa hivi:

Matibabu: 145,000
Nauli na boda za hospitali: 68,000
Msaidizi wa kufunga mizigo, wiki 6 kwa 30,000: 180,000
Faida ya oda zilizofutwa: 92,000
Jumla: 485,000

Weka tu kile unachoweza kuonyesha. Oda zilizofutwa nilikuwa na skrinshoti za wateja wakisema "basi dada, nitanunua kwingine." Maumivu nayo yanadaika kisheria, lakini kwenye mazungumzo ya watu wawili anza na namba zenye karatasi.

Hesabu ya pili ni ya kudai, na hii wengi hawaipigi. Kesi ya uzembe kama yangu haianzii Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ya Mwanzo kwa upande wa madai inasikiliza zaidi mambo ya mila, dini na madeni ya mikataba. Uzembe unaanzia Mahakama ya Wilaya, na kwangu hiyo ni Same. Kutoka Ndungu kupitia Maore na Kisiwani, siku ya Same ni siku nzima. Nauli, chakula na duka kufungwa, kila safari hainipungukii 40,000. Kesi ikiitwa mara 8 tu ni 320,000, na hapo sijamlipa wakili hata shilingi.

Kwa hiyo kuku wangu alikuwa wa 485,000, na ng'ombe ameshaanza kukatwa.

Sisemi usiende mahakamani. Kama umepata ulemavu, kama umepoteza mtu, kama hasara ni mamilioni, au kama mwenzako anakataa hata kukusikiliza, nenda. Kesi yako ni ng'ombe, sio kuku. Na kama huna pesa ya wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inayotambua mashirika na wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bure. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako.

5. JUA MUDA WAKO

Madai ya uzembe yana miaka 3 tangu jambo litokee. Madai ya mkataba yana miaka 6. Baada ya hapo mahakama inakufungia mlango hata kama una haki. Kuna watu wanazungushwa, "njoo mwezi ujao, njoo baada ya mavuno," mpaka miaka mitatu inakatika. Mazungumzo hayasimamishi saa. Andika tarehe ya ajali kwenye daftari, na andika tarehe ya mwisho.

Lakini miaka 3 hiyo ikutulize pia. Hulazimiki kuamua ukiwa na maumivu. Mimi nilisubiri hogo litolewe.

6. ANZA NA MEZA, ILA MEZA YENYE KARATASI

Wiki ya saba, daktari aliposema mfupa umeunga, nilimwandikia barua ya madai, ukurasa mmoja. Tarehe, kilichotokea, hesabu yangu, kopi za risiti, na ombi la kuonana ndani ya siku 14. Hakuna tusi wala "nitakuonyesha." Mwishoni niliandika kwamba napenda tuyamalize wenyewe, ila haki yangu ya kwenda mbele ninaibakiza.

Siku ya kuonana nilikwenda na mjomba. Kwetu mambo kama haya huendi peke yako, na mtu mzima akiwepo sauti zinashuka. Mjomba alianza kwa salamu ndefu, habari za nyumbani, habari za mvua. Nilitamani aharakishe. Baadaye nikaelewa kwamba zile salamu ndizo zilizomfanya yule mzee akae kwenye kiti.

Video sikuitoa. Nilitoa picha tatu nilizochukua kutoka kwenye video, za maboksi na benchi. Zilitosha. Sauti ya kijana ilibaki kwenye simu yangu. Kama tungefika mahakamani ningelazimika kuitumia, na siwadanganyi, hilo nalo nilikuwa naliombea lisifike.

Mzee akasema, "Mwanangu, na wewe ulikuwa unachezea simu." Nikamwambia, "Ni kweli baba, ndiyo maana siombi yote." Tukakubaliana 350,000. Taslimu 150,000, akatuma kwa simu tukiwa pale pale, na 200,000 ikatwe kwenye lile deni langu la mali kauli la 210,000.

Hapa sikilizeni vizuri. Deni ni deni, fidia ni fidia. Mkikatana kwa mdomo, baada ya miezi mitatu mwenzako anakumbuka deni na amesahau fidia. Tuliandika kila kitu: fidia ni kiasi gani, imelipwaje, deni lilikuwa kiasi gani, limebaki 10,000. Tukasaini, shahidi wake na shahidi wangu wakasaini, kila mtu akabaki na nakala. Ile 10,000 nilimlipa kesho yake.

Faida nyingine ya karatasi ni hii. Mkishaandikiana kwamba atakulipa, hilo sasa ni deni la mkataba. Asipolipa, hurudi kuthibitisha maboksi na benchi. Unapeleka karatasi, na deni la namna hiyo Mahakama ya Mwanzo inaweza kulisikiliza, ambayo iko karibu na gharama yake ni ndogo.

7. NA KAMA DUKA NI LAKO?

Niliporudi Ndungu siku ile nilisimama mlangoni kwangu nikaangalia ndani. Masufuria yamepangwa mpaka darini. Waya wa kuchajia umekatiza njia ya mteja. Stuli ya kupandia ina mguu mmoja mfupi, nimeuwekea kipande cha kadibodi. Mwaka mzima wateja wangu walipita chini ya masufuria yale, nikasema ni neema tu.

Kwa hiyo na wewe uliye na kaduka au stoo sebuleni:

- Vizito viwe chini, vyepesi juu. Njia ya mteja iwe wazi. Ukidekia, mzuie mteja kwanza.
- Mtu akiumia, muhudumie kabla hujafikiria lawama. Mpe pole, mpeleke hospitali. Wengi wanaogopa kwamba kusema pole ni kukiri kosa. Sisi tunampa pole hata aliyejikwaa njiani peke yake. Pole sio hati ya mashtaka. Ukimya na kiburi ndivyo vinavyompeleka mtu mahakamani.
- Wewe nawe piga picha, andika nani alikuwepo, na usimlazimishe kusaini akiwa na maumivu.
- Kama aliyeumia ni msaidizi wako uliyemwajiri, njia ni nyingine. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri anatakiwa ajisajili hata akiwa na mfanyakazi mmoja, na mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara. Huyo dada anayekufungia mizigo anahesabika.

MWISHO

Mnaniuliza kama nilifanya vizuri. Nilipata 350,000 kati ya 485,000, na mkono umerudi, ingawa wakati wa baridi unauma. Kwa yule mzee bado nachukua mzigo. Ila mali kauli hanipi tena. Hakusema kwa nini, na sikumuuliza. Sasa nanunua kwa taslimu, mzigo mdogo mdogo, na kuna oda nakosa kwa sababu hiyo. Hiyo nayo ni gharama, na sikuiweka kwenye hesabu yangu. Wewe iweke.

Mara ya mwisho nilipopita pale maboksi yalikuwa manne manne, na benchi halipo. Yule kijana bado yupo. Aliponiona akanyoosha mkono kunionyesha mahali pa kusimama, na simu yangu ilikuwa mfukoni.

Kama una mwenzako anayechukua mzigo maduka ya jumla, msambazie hii. Siku ya ajali hatakuwa na muda wa kusoma.